Maganda ya Nanasi Chumbani Kandara

Tss. Kimya. Kisha tena, tss.

Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha mjukuu wangu Joy, chumbani kwake mtaa wa Kandara, mjini Jeddah. Ilikuwa siku ya nne tangu nifike kwa viza ya kutembelea jamaa. Sauti ilitoka kwenye chupa kubwa chini ya meza. Mama yangu alipika busaa, pombe ya nafaka, kule Kakamega kabla hatujaokoka, na sauti ile naijua. Nikainama, nikanusa.

"Joy, amka. Hiki kitu chako kimekuwa pombe."

"Kukhu, lala," akasema. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. "Ni kinywaji cha kazini."

Joy huchanganya vinywaji katika mkahawa wa Kimeksiko. Huko kwao vinywaji hivyo hutiwa kileo. Hapa kileo ni marufuku, kwa hiyo hutengenezwa bila. Jioni hiyo mwenye mkahawa angekuja kutoka Riyadh kuonja, kisha aamue kama Joy ataendelea na kazi. Kinywaji alichokisubiri zaidi mzee huyo kilikuwa tepache: maganda ya nanasi, sukari guru na mdalasini, vilivyolowekwa siku mbili tu ili vipate ukali kidogo. Kazini hapakuwa na nafasi, basi Joy aliloweka nyumbani.

Akaonja kwa ncha ya ulimi, akaketi sakafuni.

"Lakini nilifanya majaribio, siku mbili zilitosha."

"Wakati huo AC ilikuwa inawaka?"

Akaitazama pale ukutani. Aliizima usiku ule wa kwanza, niliposema baridi yake inaniuma magoti. Chumba kilikuwa tanuri, na mtoto alivumilia jasho kwa ajili yangu.

"Wakinipata na hii, ni jela halafu ndege," akasema. "Na nikienda mikono mitupu, halas, kazi imeisha."

Tuliimwaga chooni, tukaosha chupa mara tatu. Nikamwambia twende kwa bosi mapema, aambiwe kabla ya kuuliza.

Bosi Hashim, msimamizi wa mkahawa, ni mzaliwa wa Jeddah, lakini nyanya yake alitoka Unguja, na Kiswahili anakijua. Joy alimweleza yote. Hashim alinivutia kiti kwanza nikae.

"Mmeimwaga yote?"

"Yote, bosi."

"Basi yamekwisha. Lakini jioni yule mzee nitampa nini?"

"Ukwaju mnao?" nikauliza.

Akanitazama. "Bibi, usiniambie wewe ni mlevi mstaafu."

"Mimi ni wa kwaya ya kina mama. Aliyepika ni mama."

Jikoni mwa mkahawa tulichemsha maganda mabichi polepole, kisha nikatia ukwaju ulete ule ukali wa siku mbili. Huku kinywaji kikipoa, Joy alinionyesha kazi yake. Alipaka ndimu kwenye ukingo wa glasi, akaugeuza juu ya chumvi, na chumvi ikashika kama umande. Hiyo ni margarita. Nyingine ni paloma, ya balungi. Michelada ina pilipili na bia isiyo na kileo. Sikujua mikono ya mjukuu wangu ina utulivu wa namna hiyo.

Ukutani palikuwa na picha kubwa ya shamba. Nikasimama.

"Huo ni mkonge."

"Ni ndugu yake," akasema Hashim. "Huko Meksiko huoka kitovu chake hadi kiwe kitamu, na humo ndimo hutoka kileo chao kinachojulikana dunia nzima. Hata mkonge wenu ulitoka kwao."

Niliishi miaka tisa kwenye kambi ya mkonge kule Mwatate, nikianika katani juani. Miiba yake imenichoma hadi damu. Sikuwahi kujua kwamba katika ukoo ule mkali Mungu aliweka sukari. Nikaigusa picha kwa kidole, na Hashim akaniacha niiguse.

Jioni mzee wa Riyadh alionja. Akaonja tena. Akauliza, Hashim akitutafsiria, tepache hii ina nini.

"Ukwaju, baba," Joy akasema. "Haikulowekwa, imechemshwa. Nyanya yangu amenifundisha leo."

Akamaliza glasi. "Iwe hivyo kila siku," akasema. "Na binti huyu abaki. Ikama yake, kibali cha ukaazi, ishughulikiwe."

Joy alinishika mkono chini ya meza, kwa nguvu kama alipokuwa mdogo. Hashim alitusindikiza mpaka mlangoni.

"Bibi, viza yako imebaki muda gani?"

"Wiki tatu."

"Basi njoo tena Jumamosi. Kupika si lazima. Njoo ukae nasi."