Ngoma ya Kutajwa

"Mgomba wa Nestory haufi!"

Aliyesema hivyo ni Nestory mwenyewe, maana sifa ukiwaachia watu wengine huchelewa njiani, na mtaalamu wa seli aliyetoka chuo kikuu hana muda wa kuisubiri. Alikuwa amesimama uani kwa mama yake, Ma Auleria, pale Bugene. Majirani walijaa kumpongeza, na rubisi, ile pombe ya ndizi, ilizunguka. Mara simu yake ikadunda ngoma mfukoni.

"Mnaisikia? Ngoma hii ikilia, ujue kuna mtaalamu mahali ameandika makala na kunitaja humo. Asubuhi alikuwa wa Brazili. Huyu sasa... wa Ufilipino!"

"Wa Ufilipino anakujua," mzee Gaudiosus akadakia, "na sisi jana umetupita na gari kama vichuguu!"

Watu wakacheka, Nestory naye akacheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Makala iliyomletea ngoma hizo ilisema kwamba unyanjano, ule ugonjwa unaonyausha migomba, ukibisha hodi kwenye mgomba wa aina aliyoichunguza, seli hufunga kuta zake kama mama mwenye nyumba anayemfungia mgeni mlango. Mamia ya wataalamu walikuwa wamejenga hoja zao juu ya mlango huo. Nestory alipandishwa cheo, na machipukizi machache akayaleta nyumbani, yakapandwa nyuma ya jiko la mama yake.

Alichokiacha chuoni ni maneno ya mwanafunzi wake, Joanitha, aliyerudia jaribio lile na kukuta mlango wazi. Akarudia tena, bado wazi. "Dokta, ile mara ya kwanza tulikosea. Tuandike masahihisho." Nestory akamjibu, "Tusubiri kidogo." Kidogo hicho sasa kilikuwa na miaka mitatu, kinatembea na kuongea.

Ndipo akasimama Ma Verdiana, jirani mjane. Unyanjano ulikuwa umemmalizia kibanja chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Aling'oa migomba yote, akaipumzisha ardhi, na nyumbani kwake wakawa wanakula ugali siku zote. Mnyambo aliyekuzwa kwa ndizi kula ugali wiki nzima ni kama kutumikia kifungo.

"Mwanangu, mimi seli sizijui," alisema. "Ila kama dunia nzima inakutaja, mimi ni nani nisikuamini? Kesho nakuja kuchukua machipukizi. Kibanja chote nitapanda huo huo wako."

Neno "usipande" lilimpanda Nestory mpaka kooni. Watu wakapiga makofi. Akalishushia na rubisi.

"Karibu sana, mama."

Alfajiri aliwahi nyuma ya jiko kuchagua machipukizi, akakuta mgomba wake mkubwa umeangusha majani ya njano kama mwavuli uliovunjika mbavu. Akalikata shina kwa panga. Usaha wa njano ukatoka taratibu, bila aibu yoyote.

Hapo mtu angemwita mama yake. Nestory aliung'oa mgomba, akauburuta hadi kwenye shimo la taka, akaufunika kwa maganda ya kahawa. Pengo likabaki linamkodolea macho. Kwa panga lile lile akakata majani ya migomba iliyokuwa kando yake, ile ya mama yake, mizima, inayolisha nyumba, ili alizibe. Alipofika mgomba wa tatu ndipo akakumbuka bango aliloliandika yeye mwenyewe, lililobandikwa ofisi ya kata: ukikata mgomba mgonjwa, choma panga kwenye moto kabla ya kugusa mwingine.

Akalitazama panga. Lilikuwa bado linachuruzika.

Nyayo zikasikika. "Hodi, Ma Auleria!" Dokta akachuchumaa nyuma ya shina, magoti kwenye matope, pumzi ameibana. Nyayo zikasita. Zikaanza kuelekea mlangoni.

Mfukoni, ngoma ikadunda.

Majani yakatenganishwa. Ma Verdiana alikuwa na kikapu kitupu kichwani, na mkononi kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba, maana haendi mtu kuomba mbegu mikono mitupu.

"Shikamoo, mama," Nestory alisema kutoka kule chini.

Ma Verdiana alilitazama panga, akayatazama majani yaliyokatwa, akauona ukingo wa shina ukichungulia kwenye maganda ya kahawa. Rangi ile ya njano hakuhitaji kuambiwa. Alikwisha kuizika kibanja kizima.

"Umejua lini?"

"Leo hii, ma..." Simu ikadunda tena. Nestory akainamisha kichwa. "Miaka mitatu."

Ma Verdiana akairudisha kahawa yake kwenye pindo la kitenge, akafunga fundo.

"Na hao wanaokutaja," akauliza, "wenyewe wamepanda wapi?"