Mkono wa Ausi Warudi Kazini

Mize alikuwa akimmenyea mumewe, Ausi, kiazi kitamu asubuhi ile Abdala, mlinzi wa machimbo ya mawe ya Lugoba, alipobisha hodi. Alikaribishwa, akauliza hali ya kidonda, akanywa chai mpaka ikaisha. Kisha akasema mkono wa Ausi umekuja kazini.

"Upi?" Ausi akauliza.

"Wa kulia. Ule tuliouzika."

Ausi akakitazama kigutu chake, kilichoishia chini kidogo ya kiwiko. Mkono huo ulikatwa na mkanda wa mashine ya kusagia mawe mwezi wa Rajabu. Wenzake waliuosha, wakauviringisha nguo nyeupe, wakaufukia makaburini yeye akiwa bado amelazwa. Alipotoka hospitali, ofisi ilimwita ikamwambia kazi ile ni ya mikono miwili, naye anao mmoja. Basi apumzike, astaafu kwa ulemavu. Wakampa mkono wa kwaheri. Yeye akatoa wa kushoto.

"Umefika una udongo," Abdala akaendelea. "Ukajipangusa kwenye majani, ukagonga geti, nikaufungulia. Mkono wa mtu ninayemjua, nitauzuiaje?"

"Haukuchelewa?" Mize akauliza.

"Hata. Umefika kabla ya king'ora."

Mize akatikisa kichwa kuridhika. Ausi hakuwa mtu wa kuchelewa.

Tangu apumzishwe, mambo mengi Ausi alikwisha kuyazoea. Alijifunga msuli mwenyewe, alijichotea maji. Chakula ndicho kilichomshinda. Shehe alimwambia mwenye udhuru hana lawama, ale tu kwa kushoto. Lakini kila akiunyosha mkono huo kwenye sahani, ulikuwa kama mkono wa mgeni asiye na adabu. Mize akawa anamlisha chumbani, pazia limeshushwa. Harusini akaacha kwenda. Kwa hiyo habari ya Abdala haikumkasirisha. Ilimtia hamu ya kujua. Je, mkono unaona? Jiwe likikwama, nani anauambia? Unachoka?

Alasiri akaenda kujionea.

Aliukuta palepale alipokuwa akisimama yeye, umeshika swichi. Jiwe lilipokwama, uliiachia swichi, ukatambaa juu ya chuma, ukalisukuma kwa vidole, ukaruka nyuma kabla mkanda haujaunasa. Wafanyakazi walipita kando yake wakibeba majembe, kama wapitavyo kando ya mwenzao yeyote aliyeshughulika. Mkanda ulikuwa wazi. Kifuniko chake kilikuwa kimeegemezwa ukutani kwa ofisi, ovaroli zimeanikwa juu yake. Msimamizi, Hamoudi, ndiye aliyeamuru kitolewe, maana kukifungua kila jiwe linapokwama kulipoteza muda. Ausi alipokatwa, ofisi ilisema ni uzembe wake.

Hamoudi akatoka kumlaki, akampa pole kwa heshima zote.

"Basi nirudisheni," Ausi akamwambia. "Mkono uko hapa, na mimi niko hapa. Tumetimia."

Hamoudi alilifikiria jambo hilo kwa moyo mweupe. "Kaka Ausi, usinielewe vibaya. Mkono hauna ulemavu. Mkono ni mzima. Mlemavu ni wewe."

"Lakini ni wangu."

"Hatujakataa. Ila umekuja kwa hiari yake. Na tena hauniulizi kila siku kifuniko kitarudishwa lini."

Ausi akausogelea mkono. Ulisimamisha mashine, ukampapasa uso taratibu, ukafika kwenye ndevu, ukatulia hapo. Kiganja kilinuka vumbi na grisi.

"Jumapili hakuna kazi," akauambia. "Njoo tule."

Jumapili ukaja. Mize akaupokea kwa birika na beseni, akaunawisha, akatandika mkeka uani. Kulikuwa na wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mkono ukafinyanga tonge, ukalipoza kidogo, ukampelekea Ausi mdomoni. Tangu Rajabu hakuwa amekula nje ya pazia. Majirani walipopita akawaambia, "Karibuni!" nao wakajibu, "Starehe," wakaenda zao. Aliwakaribisha hata wale waliokuwa mbali, wasioweza kumsikia.

Waliposhiba, akaushika kwa ule wa kushoto akaugeuza juani. Kidole cha shahada hakikuwa na ukucha. Kwenye kifundo palikuwa na jeraha jipya, refu, la mkanda. Kidole cha mwisho hakikukunjika tena.

"Nani anaukanda huu?" Mize akauliza. "Nani anautia dawa?"

Akaleta mafuta ya habasoda, akaukanda, akaufunga kitambaa.

"Uambie ukae nyumbani. Wewe ndiye mwenyewe, utakusikia."

Ausi akauambia. Akauambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akaubembeleza kama mtoto mwenye homa. Mkono ulilala chali mkekani, vidole vikicheza kidogo, kama unaopima maneno yale. Usiku ule ulilala kitandani kati yao.

Jumatatu, kabla king'ora hakijalia, ulikuwa tayari mlangoni, unagonga kutoka ndani. Mize akaamka, akaukaza kitambaa, akautolea komeo.

"Haya," akasema. "Kazi njema."

Ausi akaketi kitandani, akatega sikio mpaka mashine iliponguruma.