Kura ya Mwisho ya Wenye Bustani

Mikono ilikuwa juu, na Baba alikuwa anaihesabu. Alipita kati ya meza za baa akinyoosha kidole, midomo ikimchezacheza bila sauti. Mimi, mtoto tu pale ukutani, nikaomba ajikwae.

Leipzig, Ujerumani, masika ya 1933. Umoja wetu wa wenye bustani ulipigia kura kila kitu: rangi ya lango, zamu za maji, hata jogoo wa nani anyamazishwe. Baba yangu, Emil Lindner, alikuwa mwenyekiti, na kwamba ni msoshalisti haikuwa siri. Kiwanda kilishamfukuza, tukahamia kwenye kibanda cha bustanini. Kile kishamba ndicho kilichotulisha na kutulaza.

Siku hiyo Naumann, mwoka mikate, aliingia na kitambaa cha Chama cha Nazi kimefungwa mkononi. "Ndugu zangu, uchaguzi basi. Viongozi sasa watateuliwa, na wasoshalisti watatoka bustanini. Amri ya juu hiyo." Kisha, masikini, mazoea yakamshinda: "Wanaokubali wainue mikono."

Nusura nicheke. Watu wazima, wanapiga kura ya kuacha kupiga kura! Walewale waliokuja juzi kumwomba Baba mbegu, mikono wameinua, macho wameyazamisha kwenye bia.

"Wanaopinga?" Baba akauliza, maana kanuni zilitaka hivyo.

Kiti kikakwaruza sakafu. Mama alikuwa amesimama, mkono juu.

"Ala! Shemeji, hebu keti, unatutia aibu," Naumann akasema.

Wote wakamgeukia Baba. Nilimjua mno baba yangu.

"Hedwig," akasema taratibu, "mwanachama ni mimi. Wewe huna kura."

"Najua. Wewe je?"

"Mwenyekiti hapigi kura." Akakohoa, akaugeukia ukumbi. "Hakuna aliyepinga. Azimio limepita."

Naumann akampa mkono, akamsifu kwa kuendesha mkutano vizuri. Jumapili akaja kututoa.

Mpaka leo, uzee huu wote, mtu akinitajia utaratibu damu hunichemka, siwezi hata kukaa. Asubuhi ile tulipakia vitanda kwenye mkokoteni. Baba alikuwa anaeleza tena, kwa mara ya ngapi sijui, kwamba mkono mmoja usingebadilisha kitu.

Mama alikuwa anakaza kamba.

"Najua usingebadilisha, Emil," akasema. "Lakini wewe, angalau ungenihesabu."