Nafasi Mbili za Lesia

Haraka haraka ina baraka. Anayebisha na aje Dunmarrow mwezi wa Januari, baridi ikiwa kali hata kope zinashikana, aketi ndani ya gari la umeme lililobakiwa na chaji ya kubahatisha, kisha aambiwe kwamba pole pole ndio mwendo. Atamtukana aliyemwambia.

Lesia Chorney alikuwa mwalimu wa matamshi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wenye kigugumizi, na wale ambao ulimi huwagomea, katika shule tatu zilizotawanyika kwenye uwanda wa Saskatchewan. Aliendesha kwa mikono, kasi na breki vyote vikiwa kwenye mpini kando ya usukani, kwa maana miguu yake haikumtii tena tangu siku alipoanguka, akiwa msichana, kutoka juu ya ghala la ngano la baba yake. Gari lake lilikuwa refu, la rangi ya udongo, na mlango wa ubavuni upande wa kulia. Mlango ukifunguka, rampu hujikunjua na kulala chini, naye hushuka na kiti chake cha magurudumu bila kumwita mtu. Rampu ikikosa pa kulala, Lesia hashuki. Asiposhuka, hachomeki waya. Asipochomeka waya, hafiki Tansley, kwenye shule ya tatu, ambako mtoto wa kike aitwaye Signe alikuwa ameanza, baada ya kuhangaika msimu mzima, kulitamka jina lake mwenyewe bila kukwama kwenye herufi ya kwanza.

Watu walimuuliza kwa nini asirudi kwenye petroli. Wasiojua huuliza. Enzi za petroli alikuwa akipiga honi nje ya kituo cha mafuta na kungoja mtu avae koti, kofia na glavu, aje kumjazia huku akiguna. Kituo kilipofanywa cha kujihudumia, hata wa kuguna hakuja. Gari la umeme lilimwondolea hayo. Usiku alilichomeka mwenyewe ndani ya gereji yake, asubuhi akaondoka limejaa. Shida ilikuwa katikati ya safari tu, na katikati ya safari palikuwa na chaja ya haraka moja, nyuma ya duka la ushirika la Dunmarrow: nguzo moja, nyaya mbili, nafasi mbili za kuegesha, nyembamba kama mbavu za mbwa koko, zilizobanwa pande zote na ukingo wa saruji.

Basi Lesia aliegesha juu ya mstari. Gari likakaa nusu huku nusu kule, rampu ikapata pa kulala, waya ukafika. Mwezi mzima hakuna aliyesema neno, kwa kuwa Dunmarrow yote ilikuwa na gari la umeme moja tu, lake.

Kisha Wendell Prokop akanunua la kwake.

Alikuja Jumamosi moja mchana, na pikapu mpya inayong'aa kama sufuria ya harusi, akamkuta Lesia ndiyo kwanza amechomeka waya. Wendell hakuwa mjomba wake wa damu. Alicheza hoki na baba yake tangu utoto wao, na siku ya ajali ndiye aliyembeba Lesia mikononi hadi hospitali. Mjomba ni mjomba.

"Lesia! Hili gari umeliegesha au umelitupa?"

"Nimeliegesha, mjomba."

"Kwa kulilaza hivi kama ng'ombe mgonjwa?"

"Kwa upana wa kunishusha."

Wendell alicheka, mvuke ukamtoka puani. Halafu akaangalia saa, akaacha kucheka. "Sikiliza, mwanangu. Marika wangu anacheza hoki leo, na mimi sina chaji ya kunifikisha uwanjani. Ingia garini, sogea upande mmoja. Waya nitakuchomekea mimi."

"Nikisogea, pikapu yako itakaa pale inapolala rampu. Nitafungiwa ndani."

"Nusu saa tu! Si una kipasha joto?"

"Na nikitaka choo?"

Wendell aligeuka kuutazama mlango wa gari. Hilo hakuwa amelifikiria. "Unataka choo sasa?"

"Mjomba, mimi nataka kujua kwamba mlango wangu unafunguka. Ngoja nimalize. Kahawa ndani ipo."

Akangoja. Alikunywa kahawa, na kila aliyeingia dukani alisimuliwa. Alipofika uwanjani, Marika, mjukuu wake, alikuwa ameshafunga bao lake la kwanza maishani, na wenzake walishamaliza kumrukia. Jumatatu picha ya gari la Lesia, limekaa juu ya mstari, ilikuwa kwenye simu ya kila mtu mjini. Chini yake maneno yalirundikana. Mmoja aliandika: "Kiti kimoja, nafasi mbili." Wengi walichekea hapo.

Corinne Dumont, meneja wa duka la ushirika, alimpigia simu kwa sauti ya mtu anayebeba mayai. Lesia akaenda. Corinne alimpokea mlangoni, akamwonyesha kwa kidole, kwa furaha kabisa, nafasi ya walemavu, iliyo karibu na mlango, yenye kibao cha buluu.

"Mimi hata sielewi ugomvi unatoka wapi, dada. Si tumekuwekea yako hapa hapa mlangoni? Na plagi inayo!"

Ni kweli, kulikuwa na kinguzo chenye soketi. Katika nchi ile kila gari la petroli hutembea na waya unaoning'inia puani, wa kuipasha injini joto wakati wa baridi, na kila penye maegesho pana soketi. Watu wa Dunmarrow walizaliwa wakazikuta. Kwao soketi ni soketi.

"Corinne, hiyo ni ya kupasha injini. Inawaka na kuzimika kwa zamu ili kubana matumizi. Nikichomeka leo, Tansley nitafika Pasaka."

"Kwani umeme si umeme?"

"Na maji si maji? Ghala likiwaka moto, tutakupa kijiko."

Corinne akacheka kwa kulazimika. Lesia akamwonyesha palipochorwa milia ya njano, ubavuni mwa nafasi. Haikuonekana. Juu yake ulisimama mlima wa theluji uliopita kimo cha mtu.

"Hapo je?"

"Hapo ndipo trekta husukumia theluji. Pamechorwa milia, hapaegeshwi. Sisi tukajua pameachwa kwa ajili hiyo."

"Pameachwa kwa ajili ya rampu."

Corinne aliutazama ule mlima kama mtu aliyeambiwa kwamba amelala miaka yote kwenye kitanda cha mgeni. "Ah," alisema. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa huko, ambako radhi huombwa kama salamu, akaongeza: "Samahani." Akamwomba radhi na mteja aliyekuwa anapita, ambaye hakuwa amekosewa chochote.

Hata hivyo bodi ya ushirika ilikutana Alhamisi baada ya chakula cha mchana, katika chumba cha nyuma ya duka. Wajumbe walikuwa watatu: Corinne, Wendell, na Bi Agathe Lalonde, ambaye alifuma soksi kwenye kila mkutano na hakuna aliyewahi kuiona imekamilika. Mezani palikuwa na bakuli la majani ya kabichi yaliyoviringishiwa wali na nyama. Pendekezo lilikuwa la bango: gari moja, nafasi moja, na atakayekiuka gari lake litaburutwa.

"Likipita," Lesia aliwaambia, "shule ya Tansley naiacha. Sina njia nyingine ya kufika. Sitishi mtu, nawaeleza tu."

"Hakuna anayetaka uache," alisema Wendell, akiitazama sahani. "Lakini bao la kwanza, Lesia. Mtoto alikuwa ananitafuta jukwaani. La kwanza halirudiwi."

Lilikuwa kweli, na lilimchoma Lesia.

Bi Agathe akashusha sindano. "Nyinyi mnabishania rangi ya chini. Chini si yetu? Kiangazi ardhi ikilainika tunavunja ule ukingo wa saruji, tunachora upya, nafasi moja inakuwa pana. Trekta nalo lisukume theluji kwingine. Mpaka hapo msichana aegeshe anavyoegesha. Kuna la ziada, au nile?"

"Naunga mkono," Corinne alisema haraka.

Wakamgeukia Wendell. Kwa desturi ya ushirika ule hakuna jambo lililopita kwa kura mbili dhidi ya moja. Wote wakubali, au liahirishwe mpaka mkutano wa mwezi ujao, na likiahirishwa, pendekezo la kwanza hutumika kwa muda: bango linasimama.

"Na mimi naunga," alisema Wendell, "akishasema samahani. Basi. Neno moja, mbele yenu, yaishe."

Corinne akashusha pumzi kwa faraja. Akamwinamia Lesia. "Sema tu, dada. Mimi nalisema mara kumi kabla ya chai. Halina uzito."

Lesia alilipima mdomoni. Lingetoka kirahisi, kwani kazi yake ilikuwa kutoa maneno vinywani mwa watu. Alijua pia lingefanya nini likishatoka. Kuanzia kesho, kila atakaposhusha rampu yake pale, angekuwa mkosaji aliyesamehewa, na aliyesamehewa hutakiwa kushukuru. Alijua pia kwamba akilimeza, Signe anaweza kumngoja kesho na asimwone.

"Mjomba Wendell," alisema. "Ulinibeba mikononi mwako, sijasahau. Lile bao linaniuma, na nyumbani kwenu nitakuja nimwambie Marika hivyo, ana kwa ana. Lakini unachotaka niombee radhi ni kwamba nilishuka kwenye gari langu."

"Nataka neno moja tu, mwanangu."

"Nimekusikia."

"Bango litasimama mwezi mzima. Kwa ajili ya neno moja?"

"Lisimame. Kesho nina Tansley, na nitaegesha juu ya mstari kama Jumamosi ile. Mkitaka kuliburuta, liburuteni nikiwa ndani. Samahani sisemi."