Kibao Chenye Nafasi ya Mmoja

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa nane na dakika kumi mchana. Ndipo walipoyaharibu mambo, na usiku wake nikaota.

Nieleze kwanza, maana wakubwa hawatawaeleza. Ofisi ya ushirika wetu wa kuku ina mitambo mitatu: pampu ya maji, geti, na mashine ya kutotolesha vifaranga. Kila mmoja unaendeshwa na kibao kidogo cha kijani, saizi ya kiberiti, na kibao hushika amri za kazi moja tu. Fundi Elibariki anazo kazi zote tatu ndani ya kompyuta yake. Kabla ya kutuma amri kwa waya hadi kwenye kibao, huandika juu kabisa jina la kazi. Siku hiyo Mwenyekiti Mghenyi alimkalia shingoni, mgeni wa wilaya yuko njiani, geti lijifungue lenyewe likisikia honi. Fundi akatuma amri za geti kwenye mashine ya mayai.

Basi kila gari likipiga honi barabarani, mashine inafungua mlango kwa heshima. Ndani mlikuwa na mayai themanini na nane, yamefikisha siku ya kumi na nane, mayai ya mwisho ya kuku wa marehemu mke wangu. Kuku wenyewe ugonjwa wa kideri uliwamaliza. Nilipolalamika, mwenyekiti akasema fundi atarekebisha kesho, leo kuna mgeni. Ni huyuhuyu ambaye mke wangu alipozidiwa, gari la ushirika alikuwa nalo harusini. Nikafunga mlango wa mashine kwa kamba, nikaifunika blanketi langu, nikalala sakafuni pembeni yake.

Naota nimefika getini. Geti amevaa tai.

“Umekuja na gari?” ananiuliza.

Nasema nimekuja kwa miguu.

“Basi hujafika.”

Nampita ubavuni, maana ukuta wenyewe ushirika haujawahi kuumalizia. Kule ndani si ofisi, ni darasa la tatu, pale nilipoachia shule. Mayai yamekaa kwenye madawati, yamejikunyata. Moja linanyoosha mkono, sijui limeutoa wapi, linanieleza kwamba yamepiga kura na kuamua kusubiri asubuhi. Ila mengine yalishakufa ganzi wakati kura inapigwa, kwa hiyo matokeo yana utata.

Kwenye meza ya mwalimu amekaa Kibao. Mbele yake kuna foleni: Pampu, anayechuruzika hadi kwenye soksi, na Geti, aliyefika kabla yangu. Namwambia Kibao amtoe Geti, arudishe kazi ya mayai.

“Mimi nina nafasi ya mmoja,” anajibu. “Aliyeingia mwisho ndiye mimi. Wa kabla yake simjui.”

Namuuliza kama hata hakumbuki nani alikuwa akiyageuza mayai usiku na mchana. Ananiuliza mayai ndiyo nini. Sishangai. Nimekaa na viongozi miaka thelathini.

Pampu ananinong'oneza nisimlaumu mwenzake, yeye anatekeleza tu. Namwambia wote wanatekeleza tu, ndiyo maana sijapata hata mmoja wa kumshika shati.

Darasa linageuka mto mkavu. Madawati yanatembea mchangani. Gari linapiga honi mahali fulani, madirisha yote yanafunguka, baridi inaingia. Mayai yanaacha kuongea, moja baada ya jingine.

“Andika jina la kazi,” Kibao ananisukumia chaki. “Juu kabisa. Ukikosea herufi, nabaki geti.”

Neno “kutotolesha” sijawahi kuliandika. Kila nikianza, linaota silabi nyingine mkiani. Honi tena. Kuna neno moja tu ninaloliandika bila kukosea, nililiandika kwa rangi nyeupe juu ya msalaba wa mke wangu, kwa mkono wangu. Naliandika hilo: VESTINA.

Kibao analisoma mara mbili.

“Kazi hii ipo,” anasema. “Inaingia. Usichomoe waya.”

Nauangalia waya. Niliyeushika ni mimi, na una joto.

Fundi Elibariki ndiye aliyeniamsha, saa moja asubuhi, kompyuta kwapani. Akanipa shikamoo, akaniomba radhi kwa ya jana, akaondoa blanketi aanze kazi. Akasita. Kamba ilikuwa chini. Kwenye kidirisha cha mashine, pale panapotokea jina la kazi, palikuwa na herufi saba: VESTINA. Chini yake joto, thelathini na saba na nusu.

Lori likapita likipiga honi. Mlango haukufunguka.

Fundi akazihesabu kazi ndani ya kompyuta yake. Tatu. Hakuna yenye jina hilo. Mwenyekiti alipokuja akasoma, akasoma tena, kisha akasema hilo si la ofisi, aulizwe mwenye mayai.

Elibariki alikuwa ameshashika waya.

“Nikituma yangu, hii inafutika,” aliniambia, “na siwezi kuirudisha, maana sijui ilikotoka. Sasa mzee wangu, niifute au niiache?”