Mshika Ngazi

Asubuhi hiyo fundi rangi alikoroga rangi ya maziwa kwa kijiti, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda. Alipofika katikati akashangaa kidogo kwamba ngazi haitikisiki. Akatazama chini. Mumewe, mwashi aliyeanguka kutoka ngazi hiyo hiyo mwaka jana wakijenga jengo jingine, akazikwa kesho yake, alikuwa ameishika kwa mikono miwili, mguu mmoja ukikanyaga kipago cha chini.

"Umechelewa," mkewe alimwambia.

"Njia ndefu. Shuka kwanza, umeisimamisha wima mno."

Akashuka. Wakaivuta miguu ya ngazi nje kidogo, penye udongo mgumu, wakaifunga juu kwa kamba. Mafundi wengine walimwamkia marehemu, wakamuuliza habari za huko. Akasema nzuri, ila kumepoa mno. Mtunza stoo alimletea kofia ngumu, maana kibao cha getini kilisema asiye na kofia haingii, wala hakikuwatenga wafu. Ilimpwaya, lakini aliivaa.

Tangu hapo alifika kila siku watu wakimaliza chai. Gubu lake halikuwa limepungua. Mkewe akijinyoosha kufikia kona ya mbali, yeye hugonga ngazi kwa kidole.

"Shuka uisogeze, mama watoto. Ukuta haukimbii."

Naye hushuka akinung'unika, moyoni raha tele. Enzi za uhai wa mume hawakuwahi kufanya kazi pamoja. Mwashi huondoka ndipo fundi rangi aitwe. Sasa walishinda mchana kutwa wakipiga soga, mmoja juu, mmoja chini.

Kabla mwashi hajaanguka, mafundi walikuwa wameomba ngazi mpya, au angalau mtu wa kuishika hiyo mbovu. Msimamizi aliwaambia wavute subira. Kipago kilichovunjika siku ile kilifungwa waya, na waya ungalipo. Msimamizi alipomwona marehemu kazini alifurahi kweli, akasema kumbe ngazi haina neno, ilikosa mshikaji tu.

Wiki iliyofuata msimamizi alikuja kwa mwanamke, kofia mkononi. Upande wa pili wa jengo kulikuwa na ngazi mbili zisizo na mtu wa kuzishika. Akamwomba amuulize mzee, kwa heshima zote, kama hana wenzake huko alikotoka.

Mwanamke akamuuliza mumewe.

"Wapo wengi," alisema. "Lakini kila mmoja yuko kwa mtu wake."

Msimamizi akashukuru, akaenda upande wa pili kuwaambia mafundi wapande taratibu.

Mwanamke akachovya brashi. Ngazi ilikuwa imetulia tuli, jua likimpiga mgongoni kwa upole. Kutoka chini mumewe akauliza kama binti yao wa mwisho bado anaogopa kuku. Mkewe akacheka, akaanza kumsimulia.