Mikono ya Sufu ya Bi Mwanaesha

Mombasa haina baridi, ndivyo wanavyosema watu wa bara wakija kula likizo. Na waje basi mwezi wa saba, wapande skuta alfajiri, kusi linavuma na manyunyu yanawachapa usoni, kisha waseme tena. Huzaifa alikuwa tayari kumpa yeyote ufunguo wa skuta yake ajaribu. Sharti moja tu: nyuma ampakie mkwe.

Bi Mwanaesha, mamake mkewe, figo zake zilikuwa zimechoka, na mara mbili kila juma hakuwa na budi kwenda kusafishwa damu kwa mashine, kwenye kituo kimoja upande wa Buxton. Nyumba yao iko ndani kabisa Kibokoni, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wanene wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Gari haliingii. Tuktuk huishia barabarani, na kufika barabarani kwa miguu mama hakuweza tena. Nasiha, bintiye, ndiye aliyekuwa akimpeleka siku zote, lakini Nasiha alikuwa amejifungua, yumo ndani ya arobaini, hatoi hata pua dirishani. Ikabaki skuta, na mwenye skuta ni mkwe.

Asiyejua atauliza, shida iko wapi? Kisheria mama mkwe ni kama mama, hakuna haramu hapo. Kweli kabisa. Lakini sheria ni jambo moja na haya ni jambo jingine. Bi Mwanaesha alikuwa katika wale kina mama wasiokula mbele ya mkwe. Huzaifa akikohoa tu ukumbini, yeye huvuta mtandio wake akahamia chumba cha ndani, sahani mkononi. Leo mtu huyo apande pikipiki amshike mkwe kiuno? Alipanda, maana ugonjwa hauna adabu, ila alipanda kwa mpango wake mwenyewe: alikaa ubavu, miguu yote upande mmoja, na kati yake na mkwe akaweka mto. Mto hasa, wa kulalia, wenye foronya ya maua.

Huzaifa ni mtu wa mzaha tangu alipoanza kusema. Siku ya kwanza ulimi ulimwasha kuuliza, "Mama, na huyu wa katikati nauli yake analipa nani?" Akaumeza. Mkwe hataniwi. Mzaha ule alikwenda kuutapikia kwa Nasiha chumbani, na Nasiha akacheka mpaka akamwomba anyamaze, mshono utafumka.

Mzaha ukaisha kusi lilipochachamaa. Bi Mwanaesha akawa anafika Buxton meno yanagongana, vidole vimekuwa kama vya maiti. Na mashine yenyewe haina huruma: damu ikitoka nje ya mwili ikazunguka kwenye mipira ikarudi, mtu huisikia baridi mpaka ndani ya mifupa. Kisha apandishwe tena skuta, arudi nayo baridi ile ile mpaka Kibokoni. Juma moja, waliposhuka mlangoni, akasema huku anatazama ukuta, kama azungumzavyo na mkwe siku zote:

"Mwanangu, Jumatatu usijisumbue. Nitapumzika kidogo."

Nekesa, muuguzi wa kituoni, alikwishawaambia waziwazi: akikosa kuja, maji yatajaa mwilini, yapande mpaka mapafuni. Kupumzika kwa namna hiyo si kupumzika. Ikawa Huzaifa ana siku chache tu za kuishinda baridi kabla mama hajaamua kweli kubaki nyumbani.

Akaenda Marikiti kumtafuta Kaingu. Kaingu ni dereva wa bodaboda, na kabla ya kurudi pwani aliwahi kubeba abiria Limuru, kule ambako asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni bila sigara. Alimkuta juu ya pikipiki yake anakula embe.

"Baridi inatafuta mlango," Kaingu alimwambia baada ya kusikiliza yote. "Na wewe abiria wako umemfungulia mlango wa godauni."

"Mlango gani?"

"Si huo mto! Upepo unakupiga wewe kifuani, unazunguka, unapita hapo katikati, unamkuta mama amekaa upande kama tanga. Limuru abiria hunikumbatia kama mume aliyerudi kutoka Saudia, na hakuna anayeona haya. Mwambie akusogelee, akushike."

"Kaingu, yule ni mkwe wangu."

"Kwani mkwe hasikii baridi?"

"Baridi anaisikia. Haya anaisikia zaidi."

Kaingu akacheka mpaka mchukuzi mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akageuka kutazama. "Basi kama hamtaki kufunga mlango, mfungeni mama. Magazeti kifuani chini ya nguo, turubai magotini, na mikono, ndugu yangu, mikono! Mikono ikipoa mtu mzima amepoa. Na hakikisha haiteremki. Ikiteremka, upepo unapanda mpaka kwapani."

Haiteremki. Neno hilo Huzaifa alilibeba mpaka kazini. Yeye ni fundi wa kushona mafuniko ya viti vya gari katika duka la Zoher, na kama kuna kitu fundi wa viti anakijua, ni kufanya kitu kisiteremke. Alitafuta sweta ya sufu ya mitumba, nzito, ya mtu mkubwa. Akakata mikono yake miwili, akaiziba mwisho ikawa na nafasi ya vidole kama glavu, akaipa bitana ndani. Juu, pale inapoishia karibu na kwapa, na tena chini kidogo ya kiwiko, akatia lastiki. Lastiki ya viti, ile nyeupe nene ambayo ikishika kona ya kiti haiachi mpaka kiti kichakae.

Vipimo? Hapo ndipo haya ilipoingia tena. Mkwe hapimi mkono wa mkwe, hata aambiwe ndio mwisho wa dunia. Alimpima Nasiha.

"Mkono wa mama ni mwembamba kuliko wangu siku hizi," Nasiha alisema, mtoto anamnyonya. "Punguza."

Akapunguza. Wote wawili walikuwa wanaukumbuka mkono wa kulia. Wa kushoto, ule ambao madaktari waliunganisha mishipa miwili ndani yake ili sindano za mashine zipate pa kuingia, ulikuwa umevimba njia nzima na mama huuficha ndani ya buibui. Mshipa ule ukiuwekea kidole unasikia unavuma, rrrr, usiku na mchana. Ukivuma, uko hai. Waliambiwa usibanwe kabisa: hapana saa, hapana kubeba kikapu, na mama alivua hata bangili zake za arusi. Huzaifa yote hayo aliyajua. Lakini aliyajua kama mtu anavyojua bei ya nyama: bangili ni bangili, saa ni saa, na sufu ni kitu laini. Haikumjia kabisa kwamba lastiki nayo hubana.

Jumapili magharibi akampa Nasiha ile mikono ampelekee mama chumbani. Yeye akabaki ukumbini ametega sikio.

"Mwambie ahsante," sauti ya Bi Mwanaesha ilitoka. "Mwambie Mungu ampe kheri. Yakhe, kijana kakesha ananishonea mimi! Basi Jumatatu nitakwenda."

Huzaifa alilala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Asubuhi mama alitoka amevaa kila kitu. Magazeti yanachakarika kifuani kila akipumua, turubai limefungwa magotini, mikono ya sufu inachungulia kwenye mikono ya buibui, na mto, bila shaka, kwapani. Huzaifa alimtazama akaona amefanana na kochi lililofungwa kwa safari. Akauma midomo. Wakatoka Kibokoni, wakapita Marikiti malori yakishusha vitunguu, Kaingu akawapigia honi na kuinua kidole gumba. Manyunyu yalikuwepo. Kusi lilikuwepo. Na kwenye taa za barabarani, mara ya kwanza tangu aanze kumpakia, mkwewe akamwambia neno bila kuulizwa.

"Leo sisikii baridi hata kidogo."

"Kweli, Mama?"

"Mikono hata sijui kama ninayo."

Huzaifa akacheka kwa furaha. Angejua!

Kituoni Nekesa alimkalisha kitini, akacheka kwa yale magazeti, akaanza kumvua. Mkono wa kulia ulitoka. Wa kushoto uligoma, ikabidi auvute pole pole kama anayechuna ngozi. Ulipotoka, Nekesa aliacha kucheka. Pale ilipokuwa lastiki palikuwa na mtaro mwekundu kuuzunguka mkono mzima, na mwingine chini ya kiwiko. Akaweka vidole juu ya mshipa. Akavisogeza. Akachukua kipimo cha kusikilizia, akakibandika, akafumba macho.

"Mama," akasema taratibu, "hapa kimya."

"Nimeulalia," Bi Mwanaesha akajibu haraka. "Usiku nimeulalia mkono. Mimi mwenyewe."

Huzaifa alikuwa amesimama mlangoni, mto mkononi. Akamtazama mkwewe, na kwa mara ya kwanza mama yule naye akamtazama yeye usoni. Macho yale yalikuwa yanamwambia anyamaze. Na kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Hakuna ambaye angejua. Nasiha asingejua, majirani wasingejua, na yeye angebaki yule mkwe mwema aliyeshona kwa mikono yake.

"Hukulala tu juu yake, Mama," Nekesa akasema. "Hapa pamefungwa. Nahitaji kujua umefungwa tangu saa ngapi. Kama ni sasa hivi, daktari anaweza kuharakisha tuone. Kama ni muda mrefu, ni jambo jingine."

"Nimeulalia, mwanangu."

"Si kweli," Huzaifa akasema. "Nimeshona mimi. Kuna lastiki ndani, ya viti vya gari. Alivaa asubuhi hii tulipokuwa tunatoka."

Nekesa akamgeukia mama. "Asubuhi hii?"

Bi Mwanaesha akauvuta mtandio mpaka kidevuni.

"Tangu jana," akasema hatimaye. "Baada ya magharibi. Kulikuwa na baridi, mvua imepiga... Na mtoto wa watu kanishonea, niivue niiweke kando? Nikalala nayo."

"Haikukubana?"

"Ilibana. Nikasema ndivyo ilivyoshonwa."

"Na mshipa hukuugusa kabla ya kulala? Si nilikwambia uuguse kila usiku?"

"Niligusa juu ya sufu. Sikusikia kitu. Nikasema ni unene wa sufu."

Huzaifa akakaa sakafuni pale pale, mto mapajani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna lililomjia kichwani la kuchekesha.

Daktari alikuja, akagusa, akasikiliza, akaugusa tena. Hakumgombeza mtu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mshipa umeganda, akasema. Kuna mtaalamu anayeweza kujaribu kuuzibua kesho, lakini hawezi kuwaahidi kitu, usiku mzima ni mrefu. Wakishindwa, itabidi mkono wa kulia upasuliwe na mishipa yake iunganishwe kama ya kushoto, kisha wangojee miezi ikomae. Leo damu haiwezi kungoja. Leo watamwekea mpira shingoni.

"Shingoni?" Bi Mwanaesha akauliza, na mkono wake mzima ukapanda wenyewe kwenye shingo, juu ya mtandio.

Nekesa akaenda kutayarisha. Wakabaki wawili, mkwe na mkwe, pasipo ukuta wa kutazama.

"Nipe simu," mama akanong'ona. "Nimwambie Nasiha mimi. Nitamwambia nimelalia mkono. Ana maziwa kifuani yule, ukimwambia hivi atakuchukia, na nyumba yenu bado changa. Nipe, baba."

Aliunyosha mkono wake wa kulia. Huzaifa hakuwahi kumnyima kitu mama yule, wala kumwambia la.

"La, Mama," akasema. "Samahani. Hili nitalisema mimi."

Akapiga pale pale mbele yake. Nasiha alipokea kwa sauti ya chini, ya mtu anayelaza mtoto.

"Haya, nianze kucheka au ningoje ufike?"

"Nasiha, mshipa wa mama umekufa. Ule wa mkononi. Lastiki niliyotia imeubana usiku kucha."

Nasiha akacheka, akajizuia. "Mzaha mbaya huo. Ndiyo kwanza amelala huyu, usinichekeshe."

Siku nyingine angeendelea, angeuvuta mzaha mpaka Nasiha atukane ndipo aseme nakutania. Alisimama amekamata simu kwa mikono miwili. Akayasema tena maneno yale yale, hakupunguza hata moja, na akaongeza tu mwishoni kwamba wanamwekea mpira shingoni sasa hivi.

Upande wa pili kicheko kikakatika. Alisikia pumzi. Kisha kitu kikaanguka, kijiko labda, na mtoto akaanza kulia.

"Nakuja," Nasiha akasema.

"Uko ndani ya arobaini, Nasiha. Hujatimiza..."

"Nimesema nakuja!"

Simu ikakatika. Nekesa alikuwa amerudi na meza yake ya magurudumu, anavuta pazia. Bi Mwanaesha alikuwa amelala, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, mtandio umeteremshwa na shingo iko wazi mbele ya mkwe, na hakuivuta nguo kujifunika.

"Kasemaje?" akauliza.

"Anakuja, Mama."

"Na mtoto?" Machozi yakaanza kumshuka kuelekea sikioni. "Kwa baridi hii?"

Huzaifa akainama kuuokota mto sakafuni, na pazia likafungwa.